SUFURIA ILIYOUNGUA: INASAFISHWA NAMNA GANI, NA KWA VITU GANI?



Wote mulisikia habari ya sufuria kubwa ya interna iliyotoboka. Wengi mulicheka, na wengine mulimpa mwenzetu mmoja jina la «Bwana Maharagi». Leo ninaandika juu ya sufuria zinazoungua na namna ya kuzisafisha. Hii ni habari ya kusaidia kila mtu anayepika, mvulana ao musichana. Lakini iko pia deni langu, na mutaona mbele kwa nini ninasema hivi.

MAMBO YALIPITA HIVI

Siku moja ya posho, kikundi chetu cha watu watano kilikuwa na zamu ya jikoni. Mama wa jikoni alikuwa amekwenda kwenye matanga. Tuliteleka maharagi asubuhi, kisha wane tukaenda kuteka maji. Mmoja wetu alibaki kuchunga moto. Alikuwa na daftari yake ya fizika kwa ajili ya mtihani, na usiku hakulala vizuri. Usingizi ukamushika. Tuliporudi, harufu ilitupokea mbali sana. Maharagi ya juu tuliyaokoa, lakini chini ya sufuria kulikuwa ukoko mweusi wenye unene wa kidole.

Tuliogopa. Tukasugua na muchanga, tukakwaruza na kisu, bure. Mimi nilikumbuka kopo moja la soda kali, ile wanayotumia kwa kupika sabuni. Nikasema moyoni: «Kama inapika mafuta mpaka inakuwa sabuni, itashindwa na ukoko?» Nikamwanga karibu nusu ya kopo ndani, pamoja na maji ya moto. Ikaanza kutoa povu na kuchemuka yenyewe, hata bila moto. Tukaiacha usiku kucha.

Siku ya yenga asubuhi, weusi ulikuwa umetoka kweli. Lakini chini ya sufuria maji yalikuwa yanatoka tone kwa tone. Ekonoma alipouliza nani ameharibu chombo, macho yote yalimwendea yule aliyelala. Naye akajibu: «Njo miye, Baba. Nililala.» Akaambiwa alipe. Mimi nilinyamaza.

Basi, tuache kwanza habari hii. Tujifunze.

SABABU GANI CHAKULA KINASHIKA CHINI?

Wakati maji iko ndani ya sufuria, chakula hakiwezi kuungua kwa urahisi, kwa sababu maji yanapochemuka hayapandi tena joto lake. Kando ya bahari maji yanachemuka kwa digri 100. Huku kwetu Kivu, mahali penye urefu wa metri 1.500 hivi juu ya bahari, sawa Bukavu ao Goma, yanachemuka karibu digri 95. Ndiyo maana maharagi yanachukua saa mingi kuiva kwetu kuliko kwa watu wa bondeni. Na kwa kuwa yanachukua saa mingi, maji mingi yanatoka na mvuke. Mpishi asipoangalia, maji yanakwisha chini wakati juu bado kunaonekana mchuzi.

Maji yakikwisha chini, hakuna tena kitu cha kuzuia joto. Linapanda upesi mpaka digri 150, 200 na kupita. Sukari na unga ulio ndani ya chakula unaanza kuwa wa rangi ya kahawia, kisha mweusi. Huo weusi ni makala kabisa, ndugu ya makala tunayoweka ndani ya mbabula. Makala haiyeyuki ndani ya maji, wala ndani ya sabuni, wala ndani ya ndimu.

Hapa kuna neno la kushika. Hatutafuti dawa ya kuyeyusha makala, sababu nyumbani haipatikane. Lakini kati ya makala na chuma kuna chakula ambacho hakikuungua kabisa: unga, mafuta, sukari iliyokauka. Hicho njo gundi. Ukilainisha gundi, makala itabanduka yenyewe. Kazi yote ya kusafisha iko katika jambo hili.

UJUE KWANZA SUFURIA YAKO

Usichukue dawa mbele ya kujua chombo chako kimetengenezwa na nini.

Aluminiumu. Sufuria nyingi za kwetu ni za aluminiumu: nyepesi, za rangi ya feza. Inapitisha joto karibu mara tatu kuliko chuma cha kawaida, kwa hiyo maji yanapata moto upesi. Juu yake kuna ngozi nyembamba sana, isiyoonekana kwa macho, ambayo aluminiumu inajitengenezea inapokutana na hewa. Ngozi hiyo inailinda. Lakini soda kali inaivunja, na asidi ikikaa muda mrefu inaikula vilevile. Na usiache sufuria tupu juu ya moto mkali: aluminiumu inayeyuka kwa digri 660, na makala yenye kupulizwa yanaweza kupita joto hilo. Wale mafundi wanaoyeyusha vyuma vya kuokota ili watengeneze sufuria wanatumia moto wa namna hiyo.

Zile za rangi iliyopakwa kama kioo, nyeupe ao buluu, zenye maua. Ndani ni chuma, juu ni kioo. Hazipendi kupigwa, wala kukwaruzwa na chuma, wala kutiwa maji ya baridi wakati ziko moto. Kioo kinapasuka na kuruka, kisha chuma kinashika kutu.

Chuma kizito cheusi. Hiki ni kigumu, lakini kikikaa na maji usiku kucha kinashika kutu. Ukisafisha, kausha juu ya moto kidogo na kupakaa mafuta.

Nyungu ya udongo. Udongo unanywa maji. Ukiweka sabuni nyingi ndani, siku ya kesho sombe yako itanuka sabuni. Tumia maji ya moto na munyu tu.

Zile zenye ngozi nyeusi laini ndani, ambazo chakula hakishiki. Hakuna muchanga, hakuna nyuzi za chuma, hakuna kisu. Maji ya vuguvugu, sabuni na kitambaa.

KAZI YA KWANZA: MAJI, MOTO NA SABURI

Mama wa jikoni aliporudi na kuona tulivyofanya, alitikisa kichwa, akatuambia: «Batoto, ile ya kuungua haiogope nguvu. Moto njo ililetaka bubaya, na moto njo itauondoa.» Wakati ule hatukumwelewa. Sasa ninaona kwamba alisema kemia bila kutaja kemia. Njia yake ni hii:

1. Ondoa sufuria juu ya moto, uiache ipoe. Usitie maji baridi wakati bado inawaka. Sufuria nyembamba inaweza kupindika chini, na mvuke utakuunguza mikono.

2. Toa chakula kilicho huru kwa mwiko wa muti. Usitumie kisu.

3. Mimina maji mpaka yafunike ukoko kwa vidole viwili ao vitatu. Kata vipande vyembamba vya sabuni ya kipande, sawa kijiko kimoja kikubwa, utie ndani.

4. Rudisha juu ya moto mdogo. Ikianza kuchemuka, hesabu dakika 15. Utaona vipande vyeusi vinaanza kuinuka vyenyewe.

5. Ondoa, funika, uache mpaka maji yawe vuguvugu. Kama ukoko ni munene, uache usiku kucha. (Ya chuma cheusi na ya udongo, hapana.)

6. Kwaruza polepole kwa mwiko. Mwaga, suuza, tazama. Kama kumebaki, anza tena toka namba 3. Mara ya pili inafanya kazi kuliko ya kwanza; mara ya tatu karibu yote inatoka.

Muone: hakuna kitu cha kununua. Sufuria ile yetu ingalipona kwa njia hii katika siku mbili.

VITU VYA NYUMBANI, NA KAZI YA KILA KIMOJA

Munyu. Punje zake ni ngumu kuliko ukoko uliolainishwa, lakini hazikwaruzi chuma sana kama muchanga. Tena kama kunabaki kidogo, maji yanauyeyusha, hauingii ndani ya chakula kama muchanga unaovunja meno. Weka munyu juu ya kitambaa chenye maji kidogo, usugue ukizunguka. Suuza vizuri sana, sababu munyu ukibaki juu ya aluminiumu yenye maji unaanza kuitoboa toboa vidogo vidogo.

Ndimu na siki. Hizi ni asidi. Hazifanyi mengi juu ya makala. Lakini zinaondoa ile rangi nyeusi-kijivu inayobaki ndani ya sufuria ya aluminiumu, na ile ngozi nyeupe ya chokaa inayotoka kwa maji. Kata ndimu mbili, uzitie ndani ya litri moja ya maji (ao vijiko viwili vikubwa vya siki), uchemushe dakika 10, mwaga, suuza. Itang'aa. Maji yale usiyatumie kwa kupika. Na usiache asidi ndani ya aluminiumu usiku kucha.

Kuhusu sufuria za kuyeyusha za mafundi wa mtaani, tuongeze neno. Mwaka 2014 watafiti walitoa habari ya sufuria za namna hiyo zilizotengenezwa Kameruni: walipochemsha ndani yake maji yenye asidi, walikuta yamechukua plombo, metali yenye kudhuru akili ya watoto. Fundi haoni kilicho ndani ya vyuma vya kuokota: betri ya zamani, kipande cha injini, chochote. Kwa hiyo sufuria za namna hii usizikwaruze kwa nguvu sana, wala usizichemshie ndimu na siki kila siku.

Bikarbonati ya sodiumu, ile wanaotengeneza mandazi wanaijua. Hii ni bazi nyepesi. Inasaidia mafuta yatoke. Changanya vijiko vitatu na kijiko kimoja cha maji, upakae juu ya ukoko, uache dakika 20, usugue. Kwa sufuria za kioo cha rangi ni dawa nzuri sana, sababu haikwaruzi. Kwa aluminiumu, tumia kwa muda mfupi na usuuze upesi. Ukiichemsha ndani kwa muda mrefu, aluminiumu inakuwa nyeusi.

Watu wengi wanachanganya siki na bikarbonati pamoja, wakiona povu wanafurahi. Wanafunzi wa kemia, mujiulize: asidi na bazi zikikutana, nini kinabaki? Gazi inaruka, na mwisho kunabaki maji yenye chumvi dhaifu. Povu linaweza kuinua vipande vidogo, lakini nguvu ya zote mbili imekwisha. Afadhali utumie moja, usuuze, ndipo utumie ya pili.

Majivu. Bamama zetu wamesafisha kwa majivu tangu zamani, na wana haki. Majivu ya muti ina ndani yake karbonati ya potasiumu, bazi yenye nguvu kuliko bikarbonati. Ikikutana na mafuta ya chakula inaanza kugeuka kama sabuni. Majivu ya maganda ya ndizi ina potasiumu mingi, ndiyo maana watu wanaitumia kwa kupika sabuni ya kienyeji. Chunga majivu kwa kitambaa ili mawe yatoke, yaloweshe kidogo, usugue na majani ya ndizi makavu. Ni nzuri kwa chuma cheusi. Kwa aluminiumu, usugue upesi na kusuuza. Usiache majivu mabichi ndani usiku. Kisha upakae mikono mafuta, sababu majivu inakausha ngozi.

Muchanga. Muchanga hausafishi, muchanga unakata. Unaondoa ukoko na chuma pamoja. Kila siku kidogo, mwaka mmoja, miaka kumi, chini ya sufuria inakuwa nyembamba sawa karatasi. Ukikosa kitu kingine, chagua ule laini wa kando ya mto, na usugue inje tu.

MASIZI YA INJE

Masizi ya inje, yale ya moshi wa kuni, hayazuii sana chakula kuiva. Yanachafua mikono, nguo na kuta. Kuna akili moja rahisi: mbele ya kuteleka, lowesha kipande cha sabuni na upakae inje ya sufuria, chini na kando. Wengine wanatumia majivu yaliyokorogwa na maji ao udongo laini. Masizi yatashika juu ya sabuni, si juu ya chuma. Ukiosha, yote yanatoka pamoja. Dakika moja mbele ya moto inaokoa nusu saa kisha moto.

VITU VYA KUKATAA KABISA

Kisu na musumari. Alama unayochora leo njo mahali chakula kitashika kesho.

Javel pamoja na siki ao ndimu. Mchanganyiko huu unatoa gazi ya klori, inayochoma mapafu. Usijaribu hata siku moja, zaidi sana ndani ya jiko dogo lisilo na dirisha. Na javel yenyewe inakula aluminiumu.

Soda kali. Hapa ninarudi kwa sufuria yetu.

SUFURIA ILITOBOKA KWA SABABU GANI?

Muhula huu mwalimu wa kemia alitufundisha habari ya aluminiumu na bazi. Aliandika ubaoni: aluminiumu, pamoja na soda na maji, inatoa chumvi inayoyeyuka na gazi ya hidrojeni. Akasema tuhesabu. Gramu 40 za soda zinaweza kula gramu 27 za aluminiumu. Mimi nilikuwa nimemwanga gramu 200 hivi. Nikahesabu: gramu 135. Kalamu ilianguka mkononi mwangu.

Wapendwa, moto ule wa maharagi haungeweza kutoboa sufuria. Kulikuwa bado chakula na mchuzi juu yake. Muchanga wa miaka mingi uliipunguza, na soda yangu ilimaliza. Lile povu nililoona usiku halikuwa dawa inayokula ukoko. Ilikuwa sufuria yenyewe inaliwa. Tena hidrojeni ni gazi inayowaka. Tungerudisha sufuria juu ya mbabula usiku ule, leo pengine mungesoma habari nyingine. Na kama ile soda ingaliruka ndani ya macho yangu, nisingeweza kuandika ukurasa huu.

Mwenzetu alilala, ni kweli. Maharagi yaliungua kwa ajili yake. Lakini tundu ni langu. Yeye amelipa mara mbili kutoka feza yake ya safari, na wakati wa likizo alikwenda kwao kwa miguu, siku moja na nusu. Hakunitaja hata mara moja, na alijua vizuri nani alishika kopo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema tu: «Wewe ulitaka kunisaidia.»

Nimekwenda kwa Ekonoma na nimesema yote. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nirudishe kwa mwenzangu feza aliyolipa, na iliyobaki nilipe mimi. Nimekubali. Nimeanza kurudisha, bado sehemu moja. Nimeomba pia habari hii iandikwe hapa, kwa sababu jina lile la kumucheka lilipita kinywa kwa kinywa ndani ya shule nzima, na ukweli nao upite njia ileile. Tafadhali, mumuite tena kwa jina lake.

NAMNA YA KUZUIA

Loweka maharagi usiku. Yataiva upesi na kutumia maji kidogo. Tia maji ya kutosha tangu mwanzo, na uweke maji mengine ya moto kando kwa kuongeza. Punguza makala yakishaanza kuchemuka. Moto mkubwa hauongezi joto la maji, unaongeza mvuke tu. Koroga mpaka chini kila mara. Ukisikia harufu ya kuungua, usikoroge tena! Ondoa kwa moto, mimina cha juu ndani ya sufuria nyingine bila kugusa chini, na ladha ya moshi haitaenea.

Na mtu anayechunga moto asibaki peke yake. Sisi wane tungaliweza kwenda kuteka maji wawili wawili. Hilo nalo ni kosa la kikundi, si la mtu mmoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KALASINI

1. Kwa nini ndimu inaondoa rangi nyeusi ya aluminiumu lakini haiondoi makala?
2. Nyumbani kwenu wanasafisha na nini? Kitu hicho ni asidi, bazi, ao kinakata tu?
3. Kama mtu anaadhibiwa kwa kosa lake, na juu yake kosa la mwingine, nani anapaswa kusema kwanza?

Sufuria mpya bado haijanunuliwa. Kwa sasa tunapikia ndani ya zile ndogo mbili, na zamu ya kuosha imebaki yangu mpaka mwisho wa muhula. Anayetaka kuona njia ya maji, moto na saburi kwa macho, aje jikoni siku ya posho kisha chakula. Ukoko hautakosa.

Mwanafunzi wa humanite, upande wa kemia na biolojia